Kutembea na Jamaa katika Nchi ya Nyasi na Maji

Mtu wa Kivu akitaka kumwonyesha mgeni uzuri wa kwao, humpandisha mlimani na kumwambia: «Sasa tazama chini.» Nami nilikua na fikira hiyo, ya kuwa nchi nzuri ni ile iliyoinuka, na ya kuwa nchi tambarare haina neno la kumwambia mpita njia. Januari ya mwaka 2025 nilijifunza vingine, na walimu wangu walikuwa mtoto wa miaka 5 na bibi kizee wa miaka 74.

Nilikuwa nimesafiri kutoka Lubumbashi kwenda jimbo la Florida, kusini ya Marekani, kumzuru mdogo wangu akaaye huko pamoja na mke wake na watoto wao wawili: binti wa miaka 11 na kitinda mimba wao wa kiume. Mama yetu naye alikuwapo. Yeye alitangulia kufika, lakini hakuja kwa matembezi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifura kupita desturi, maji yakaingia katika nyumba nyingi za pwani huko Uvira, na nyumba ya Mama ilikuwa mojawapo. Kiwanja kile mimi ndimi niliyemchagulia zamani, kwa kuwa kilikuwa tambarare, wala hapakuwa na gharama ya kuchimba na kusawazisha. Mama hakunilaumu hata siku moja. Lakini mtu asiyelaumiwa na wengine hujilaumu mwenyewe.

Jumamosi moja jioni mdogo wangu alisema: «Kesho twende sote tukatembee Everglades.»

Mama akauliza: «Kuna mlima huko?»

«Hakuna, Mama.»

«Kuna nini basi?»

«Nyasi na maji.»

Mama akanyamaza. Maji alikuwa ameyaona ya kutosha.

NCHI ISIYO NA KILIMA

Everglades ni hifadhi ya taifa iliyo katika ncha ya kusini ya Florida. Ukubwa wake wapita kilometa za mraba 6,000. Bunge la Marekani lilitoa idhini ya kuiweka mwaka 1934, na Rais Harry Truman aliifungua tarehe 6 Desemba 1947. Hifadhi nyingi za Marekani zilizotangulia ziliwekwa kwa ajili ya milima, mabonde na maporomoko ya maji. Hii haina hata kimoja cha vitu hivyo. Iliwekwa kwa ajili ya viumbe vyake, yaani ndege, samaki, miti na majani. Mwaka 1979 Unesco iliiandika katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Mgeni akiingia mara ya kwanza hudhani amedanganywa. Mbele yake ni nyasi, kulia nyasi, kushoto nyasi, na juu yake anga kubwa isiyo na nguzo. Nami nilimwambia mdogo wangu: «Umetuleta katika bwawa.» Akanijibu: «Hapana, kaka. Umesimama katikati ya mto.»

Na kweli ni mto. Maji yake hutoka kaskazini, upande wa ziwa Okeechobee, nayo huteremka kuelekea baharini yakiwa yametandazwa kama shuka juu ya jiwe la chokaa. Zamani upana wake ulifika kilometa 80, na mahali pengi mtu angeweza kusimama ndani yake asilowe mapaja. Nchi hushuka sentimeta chache tu katika kila kilometa, hata jicho haliwezi kuona kwamba maji yanakwenda. Mwandishi mmoja mwanamke, Marjory Stoneman Douglas, ndiye aliyewafumbua macho Wamarekani kwa kitabu chake cha mwaka 1947, alipopaita mahali hapo mto wa nyasi. Wenyeji Waseminole walikwisha kupaita Pa-hay-okee, maana yake maji yenye nyasi.

MAMA NA MNYAMA WA MAJI

Njia yetu ya kwanza yaitwa Anhinga, nayo huanzia mahali paitwapo Royal Palm, yapata kilometa 6 kutoka lango kuu karibu na mji wa Homestead. Hapo tulichekeshwa kwanza na tumbusi. Ndege hao wana tabia ya kung'oa mipira ya kufutia vioo vya magari, basi wenye hifadhi wameweka maturubai ili kila mtu afunike gari lake kabla ya kuliacha. Watoto walilifunga turubai kwa furaha kubwa, kama watu wanaomvika bibi arusi.

Njia yenyewe ni kilometa 1.3 tu, kwenda na kurudi. Sehemu imetiwa lami, na sehemu ni daraja la mbao lililojengwa juu ya maji, lenye vizuizi pembeni. Hakuna ngazi wala mpando; hata mtu akaaye katika kiti cha magurudumu aweza kuimaliza. Mama alishika fimbo yake, mjukuu akashika mkono wake wa pili, tukaanza.

Hatukwenda mbali. Kando ya lami, juu ya majani, alilala aligeta mmoja mweusi, mrefu kupita mwanamume aliyelala. Aligeta ni mnyama wa ukoo wa mamba, ila pua yake ni pana na ya mviringo. Mama alisimama kama mti. Ndugu wasomaji, yeye ni mtu wa Uvira. Alipokuwa msichana, mwenziwe waliyekuwa wakiteka maji pamoja alichukuliwa na mamba mbele ya macho yake, karibu na mahali ambapo Ruzizi huingia ziwani. Tangu siku ile hakupenda hata kusikia jina la mnyama huyo.

Mkwewe alimsogelea akamwambia kwa upole: «Mama, tukirudi si aibu.» Lakini kabla Mama hajajibu, mtoto aliuponyoa mkono wake. Alikuwa amemtazama aligeta kwa muda, akaona hatikisiki, basi akasadiki kwamba ni sanamu. Akaenda kumgusa.

Sijapata kumwona Mama akikimbia tangu nilipokuwa mdogo. Fimbo ilianguka upande, na mkono wake ukamdaka mtoto kwa ukosi wa shati, hatua tatu au nne kabla ya mnyama. Aligeta hakufumbua hata jicho. Sisi tulikuwa tumekauka wote. Mama hakumpiga mtoto wala hakumkemea. Alimrudisha nyuma, akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto, akasema: «Mjukuu wangu, mnyama wa maji akinyamaza hajafa. Anangoja.»

Amri ya hifadhi ni kwamba mtu akae mbali na aligeta kwa mita 5 zisizopungua, wala asimpe chakula kamwe, maana aligeta aliyezoea kulishwa huacha kuwaogopa watu. Ubao wa tangazo ulikuwapo pale, nasi watu wazima tulikuwa tumeusoma. Lakini mtoto wa miaka 5 hasomi ubao; husoma mkono unaomshika. Kosa lilikuwa letu.

Nilidhani sasa tutarudi garini. Mama akasema: «Nipeni fimbo yangu.» Akatangulia mbele. Toka hapo hadi mwisho wa njia yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wetu, maana macho yake yalijua kusoma maji kuliko yetu. Mahali nilipoona gogo, yeye aliona pua mbili na macho mawili. Mahali nilipoona uvuli, yeye aliona kobe wa maji na kundi la samaki. Kisha alisimama ghafla, akacheka kwa sauti: juu ya tawi alitua ndege mweusi mwenye shingo ndefu kama nyoka, amefungua mbawa zake juani kama mtu anayeanika nguo.

«Huyu namjua!» akasema. «Huyu ni wa Ruzizi!»

Hakukosea sana. Ndege huyo ndiye aitwaye anhinga, naye ni ndugu wa mbizi wetu wa Afrika. Huogelea chini ya maji na kumchoma samaki kwa mdomo wake mkali. Kisha hupanda mtini kukausha manyoya, kwa kuwa maji huyalowesha mpaka ndani. Binti akasema: «Koko, umesafiri mbali kote huko kumwona ndege wa kwenu!»

Katika miezi ya mvua, toka Mei hata Oktoba, maji hutapakaa kila mahali na wanyama hutawanyika nayo. Kiangazi kikija, kuanzia Desemba mpaka Aprili, maji hupungua, na viumbe vyote hukusanyika mahali palipobaki na kina. Hapo ndipo aligeta anapofanya kazi yake. Kwa pua, miguu na mkia huchimba na kusafisha shimo lake, nalo hushika maji wakati nchi yote imekauka. Samaki huponea humo, na ndege huja kula. Bila shaka naye hula jirani zake. Lakini bila yeye wengi wao wasingevuka kiangazi. Mama alisikiliza maneno hayo kwa makini, akasema: «Kumbe hata adui amepewa zamu yake ya kuchimba kisima.»

KISIWA CHA MITI

Hatua chache kutoka pale yaanza njia nyingine, Gumbo Limbo, isiyozidi mita 600. Hapa mambo yalibadilika mara. Tulitoka juani tukaingia msituni, penye miti iliyoshonana, mizizi, madoadoa ya nuru na hewa ya ubaridi. Njia imepata jina lake kwa mti mmoja wenye gome jekundu linalobambuka. Wenyeji huuita kwa utani mti wa watalii, maana nao huwa wekundu na kubambuka ngozi baada ya siku mbili za jua la Florida. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Mimi nilimwuliza mdogo wangu: «Msitu huu umetoka wapi katikati ya nyasi?» Akanijibu: «Ardhi hapa imeinuka kidogo.» Niligeuka kutafuta mwinuko, sikuuona. Akaonyesha kwa mkono: tofauti ni kimo cha goti, pengine kiuno. Basi kimo hicho kidogo chatosha. Chini yake miguu ya miti huoza kwa maji. Juu yake miti mikubwa husimama. Nchi nzima imepangwa hivyo. Mahali palipo chini kwa kiganja kimoja huota nyasi-msumeno, zenye meno makali pembeni; palipo juu kidogo huota misonobari, au huwa kisiwa cha miti. Katika milima ya kwetu mtu hupanda saa nzima apate kuona mimea ikibadilika. Hapa huiona ikibadilika kwa urefu wa fimbo.

Mahali hapo pa Royal Palm palikuwa pa kwanza kulindwa, na walinzi wa kwanza walikuwa akina mama. Chama cha wanawake wa Florida kilipafanya bustani ya jimbo mwaka 1916, miaka 31 kabla ya hifadhi ya taifa kufunguliwa. Mama alitaka nimrudilie habari hiyo mara mbili.

MAJI YALIYOFUKUZWA

Alasiri tulifuata barabara ya hifadhi, iendayo mpaka pwani ya Flamingo, mwendo wa kilometa 61 kutoka lango. Njiani tuliona kibao kimeandikwa Rock Reef Pass, yaani mahali pa kuvukia mlima, na chini yake urefu: futi 3. Ndiyo, ndugu wasomaji, mlima wa sentimeta 90. Nilicheka. Mama hakucheka.

Tulishuka tena Pa-hay-okee, penye njia fupi ya mbao, ambayo hata mtoto aliyechoka huimaliza, na jukwaa la kutazamia. Kutoka juu ya jukwaa lile nyasi zaenda mpaka ukingo wa mbingu, na visiwa vya miti vimesimama katikati yake kama mitumbwi. Ndege weupe, yangeyange, walipita chini yetu. Ndege hao nusura waangamizwe zamani, wakati manyoya yao yalipouzwa kupamba kofia za wanawake wa mijini. Mlinzi mmoja, Guy Bradley, aliuawa kwa risasi mwaka 1905 kwa sababu ya kuwazuia wawindaji.

Hapo mdogo wangu akatueleza habari ya maji. Watu walipofika kulima na kujenga kusini ya Florida, waliiona nchi hii kuwa tope lisilo na faida, wakaanza kuikausha kwa mifereji. Mwaka 1928 tufani ililisukuma ziwa Okeechobee, maboma ya udongo yakavunjika, wakafa watu wasiopungua 2,500. Wengi wao walikuwa wafanyakazi weusi wa mashambani. Mwaka 1947, mwaka ule ule wa kufunguliwa kwa hifadhi, mafuriko mengine yalifunika mashamba na miji. Ndipo serikali, kuanzia mwaka 1948, ikajenga maboma, milango ya maji, mashini za kuvuta maji na mifereji mingi mno, ili maji yapelekwe baharini upesi. Watu wakapata nchi kavu ya kulima na kujenga. Lakini mto wa nyasi ulipungukiwa. Yapata nusu yake ilitoweka, na ndege wa majini waliozaa humo wakapungua vibaya. Tena maji ya kunywa ya mamilioni ya watu wa kusini ya Florida hutoka katika jiwe lile lile la chokaa, ambalo hujazwa na mto huo. Waliokuwa wakiyafukuza maji walikuwa wakikifukia kisima chao wenyewe.

Mwaka 2000 Marekani ilipitisha sheria ya kuirudisha Everglades katika hali yake kwa kadiri iwezekanavyo, kazi ya miaka mingi iliyokadiriwa tangu mwanzo kugharimu dola zaidi ya bilioni 7. Barabara kuu ya Tamiami, iliyokuwa imeziba njia ya maji kama ukuta, ilianza kuinuliwa juu ya madaraja. La kwanza, la kilometa 1.6, lilimalizika mwaka 2013, ili maji yapite tena chini yake.

Mama alikuwa ameegemea kizuizi, akitazama mbali. Akasema: «Waliyafukuza, na sasa wanalipa ili yarudi. Kwetu yalirudi yenyewe bila kuitwa.»

Sikuwa na la kujibu.

MASHAURI MACHACHE KWA WAZAZI

Huenda baadhi yenu, au ndugu zenu wakaao Marekani, mtapata nafasi ya kwenda huko. Basi nendeni wakati wa kiangazi cha huko, Desemba mpaka Aprili. Katika miezi ya mvua mbu ni wengi na joto ni zito. Ondokeni asubuhi mapema, wakati wanyama waonekanapo na jua halijawa kali. Chukueni maji ya kunywa, kofia na chakula, maana ndani ya hifadhi maduka ni haba. Msitake kumaliza njia ndefu. Njia mbili au tatu fupi zawatosha watoto, na katikati yake mpumzike. Wenye watoto wakubwa waweza kwenda upande wa Shark Valley, penye barabara ya mzunguko ya kilometa 24 kwa baiskeli au kwa gari la kubeba watalii. Na kila mtoto mdogo apewe mkono wa mtu mmoja anayejua kwamba mkono ule ni kazi yake, siyo mkono wa watu wote. Mkono wa watu wote huachia.

Jambo la mwisho: mchukueni mzee. Vijana hutembea upesi, na katika nchi tambarare aendaye upesi hurudi na nyasi tu machoni. Mzee husimama kila hatua kumi kupumzika, na kila asimamapo, kitu hutokea.

FIMBO YA MAMA

Jua lilikuwa likishuka tulipoondoka Pa-hay-okee. Mama aliniita tubaki nyuma kidogo. Akauliza: «Nyumba ya jirani yetu kule Uvira, ile isiyoingia maji, ilikuwa juu ya yetu kwa kiasi gani?»

Nilifikiri. Mara nyingi nilikuwa nimepita kati ya nyumba zile mbili, wala sikupata kuona kwamba kuna mpando. Nikasema: «Labda goti, Mama.»

Akasimamisha fimbo yake juu ya ubao, akaweka kidole mahali pa goti, akakitazama kwa muda. Kisha akasema: «Nikirudi, utanitafutia kiwanja tena. Lakini safari hii tutakwenda wote wawili, nami nitachukua fimbo.»

Mbele yetu mtoto alikuwa akitembea amemshika dada yake mkono. Alisimama, akanyoosha kidole majini, akatuita kwa sauti ndogo, kama alivyofundishwa: «Koko! Baba mkubwa! Njoni polepole. Kuna kitu kinangoja.»